Kioo Ulichonikatia, Baba

Sosiot, Kericho
Jumapili, mvua imepumzika

Kwako Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua barua zangu huzifungulia karakanani ukiwa umesimama, misumari mdomoni. Tafadhali kaa kwanza. Goti la kushoto linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi kilichomshika wakati wa baridi kimemwacha? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo kwa sababu ya maziwa ya huku, na ile sketi ya kijivu aliyonishonea imeanza kunibana kiunoni. Mwambie asicheke.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, pamoja na fomu ya uhamisho uliyoikunja mara nne. Umesema nafasi ipo katika shule ya pale karibu na kanisa, kwamba umeshaongea na mwalimu mkuu, na kwamba kilichobaki ni sahihi yangu tu. Umesema pia kuwa hulali vizuri mimi nikiwa huku, tangu binamu yako alipofukuzwa huku miaka ile ya fujo, akafika kwetu na sufuria moja na watoto wanne. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini nikiliandika hapa juu hutasoma yanayofuata, kwa hivyo nimeliweka mwisho. Nakujua.

Kwanza nikiri kosa. Kile kioo ulichonikatia Krismasi, ukakifunga kwa blanketi, nami nikakibeba mapajani safari nzima kama mtoto mchanga, sikukiweka dirishani. Dirisha la chumba changu bado lina kadibodi. Kioo nimekipeleka shuleni, na humo ndimo habari yangu yote ilimotokea.

Sijui kama nimewahi kukueleza vizuri asubuhi za huku. Ukungu hulala bondeni, na vilima hutokea kimoja kimoja, kwanza kichwa, halafu mabega. Chai ni kijani mpaka unahisi macho yameoshwa. Watu huingia ndani ya mashamba na vikapu mgongoni na unawaona kuanzia kiunoni kwenda juu tu, wakisogea polepole bila miguu. Halafu saa nane au saa tisa mvua hunyesha, karibu kila siku, na mara nyingine hushuka na mawe yanayopiga mabati hadi tunaacha kufundisha na kukaa tukiangaliana. Mara nyingi mimi husimama mlangoni na kikombe mkononi na kusahau kunywa. Mwalimu mwenzangu husema mimi naota macho wazi. Labda ni kweli. Hata habari hii ya kioo ilianza nikiwa nimesimama hivyo.

Nilikuwa nimekiegemeza kioo kwenye meza ya darasa la saba nikitafuta msumari. Kiprono, mvulana mkubwa wa darasa, akapita nyuma yake. Kwenye kioo kulikuwa na doa la chokaa, na kwa nukta moja lile doa lilikaa sawasawa kifuani pake. Hapo nikasahau msumari. Nilichukua kalamu nene za rangi, zile tulizoandikia mabango ya harambee, nikachora moyo na mapafu juu ya kioo, nikamsimamisha Kiprono nyuma yake, nikawaita wengine waje mmoja mmoja watazame.

Baba, ungeona nyuso zao. Watoto hawa wamenakili moyo kutoka ubaoni tangu darasa la nne na hakuna aliyekuwa ameamini kuwa ni wake. Siku ile waliuona ndani ya Kiprono, na Kiprono alipovuta pumzi, kifua kikapanda nyuma ya mapafu ya rangi, na msichana mmoja aitwaye Chebet akaweka mkono juu ya kifua chake mwenyewe na kuuacha hapo mpaka kengele ikalia.

Shida ilikuwa moja. Ukisogeza kichwa kidogo tu, moyo unahamia begani. Ukiinama, unakwenda tumboni. Ilibidi kila mtu atazame kutoka mahali pamoja, kwa jicho moja. Basi nikakumbuka unavyopiga jicho kando ya ubao kuona kama umenyooka. Vijana wa darasa la nane wakanitengenezea fremu ya miguu mitatu ya kushikilia kioo, na mbele yake tukaweka stuli, na kati ya stuli na kioo kijiti chenye panda cha kuwekea kidevu. Kijiti hupandishwa na kushushwa kufuatana na urefu wa mtu. Ukishaweka kidevu na kufunga jicho la kushoto, kitu kinakaa mahali pake. Chebet ndiye aliyekuwa hodari wa kurekebisha kijiti. Alikuwa akiwapima wenzake kwa macho na hakosei.

Kuna mwalimu wa kujitolea katika sekondari ya jirani, kijana mzungu mrefu aitwaye Tobias, ambaye hupita kwetu kuazima chaki. Aliona kile kioo akasahau chaki. Akaniambia kwamba kwao, katika vyuo vikuu, watu wanatengeneza kofia yenye vioo na kompyuta ndani, ukiivaa unaona michoro juu ya vitu vya kweli, na ukigeuza kichwa mchoro unageuka nawe. Wanasema siku moja itatumika kufundishia watoto shuleni. Nilimuuliza kofia hiyo ina uzito gani. Akasema ni nzito, na ina nyaya hadi ukutani. Nikamwambia yetu haina nyaya. Alicheka, lakini jioni ile nilifikiria sana darasa zima la watoto wamevaa kofia hizo, kila mmoja akitembea na kuona majina ya ndege juu ya ndege na mizizi ya chai chini ya ardhi. Nililala na wazo hilo. Sitaki kukuficha, lilinifurahisha kuliko mshahara.

Kutoka moyoni tulikwenda kilimani. Kwenye somo la jiografia kuna ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko, na hakuna mtoto anayeielewa, hata mimi niliikariri tu. Mbele ya shule yetu, ng'ambo ya mto, kuna kilima kimoja kizuri chenye chai hadi juu, na nyumba ya mzee mmoja aitwaye Arap Mutai iko kiunoni mwake. Nikatoa kioo uani nikakielekeza kule. Nikawatuma Kiprono na mwenzake wavuke daraja wakiwa na fito ndefu zenye vitambaa vyeupe, wasimame chini, katikati, na karibu na kilele. Kila walipozichomeka nilifunga jicho na kuchora mstari kupita kwenye kitambaa. Baada ya saa moja kilima kilikuwa kimevaa mistari yake, na watoto wakaelewa. Tuliviacha vitambaa kule tukidhani tutavihitaji kesho yake.

Ndipo Chebet aliponiambia, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kogo anasema kwao ilikuwa pale."

Kogo ndivyo wanavyomwita nyanya. Kogo wake, Tapkigen, ndiye aliyemlea. Nilimwambia amlete. Kesho yake mama mzee akaja, mdogo, ameinama, na mashuka mawili mabegani na kibuyu cha maziwa yaliyolala chini ya kwapa kwa ajili yangu. Huku wengine huniita Mwalimu Nyampura badala ya Nyambura, na mimi nikiomba kalamu wao hucheka kwa sababu natamka karamu, kwa hivyo tuko sare. Kogo alinisalimu Nyampura, akaketi kwenye stuli bila kuombwa. Chebet akashusha kijiti hadi karibu na goti.

Alitazama muda mrefu. Halafu akashika mkono wangu wenye kalamu, akaanza kuuongoza.

"Hapo. Shuka. Shuka kidogo. Hapo ndio mlango."

Tukachora nyumba ya msonge, ghala, zizi la ng'ombe, njia ya kwenda mtoni, na mti mkubwa wa mkuyu. Kiswahili chake ni kile cha sokoni, kilichobaki alimwambia Chebet na Chebet akaniambia mimi. Aliolewa katika nyumba ile akiwa msichana. Hapakuwa na chai hata jani moja. Watoto wake watatu wa kwanza walizaliwa pale. Alipomaliza aliondoa kidevu, akakirudisha, akakiondoa tena. Ukiondoa kidevu nyumba inateleza na kuanguka mtoni, ukikirudisha inapanda inakaa. Alifanya hivyo kama mara sita.

"Hujaweka moshi," akaniambia. "Hii inakaa kama nyumba watu wamehama."

Nikamwambia moshi sijui kuuchora, maana hausimami mahali pamoja. Akakubali, lakini nikaona hakuridhika.

Sasa sikia nilivyokosea, Baba. Mimi niliona kioo na watoto. Wachumaji wa chai walioko ng'ambo waliona kitu chenye miguu mitatu, mtu amefunga jicho moja, na fito zenye vitambaa vyeupe zimechomekwa katikati ya mashamba yao. Nawe unajua hicho ni kitu gani. Jioni ile, kwenye kituo cha kupimia majani ambapo watu husimama foleni na vikapu vyao, habari ilikuwa moja tu: savea amekuja, mashamba yanapimwa upya. Nani amemleta? Ni yule mwalimu Mkikuyu.

Sikujua kwamba ndivyo ilivyokuwa mwanzo. Chebet alinieleza baadaye. Mara ya mwisho mtu alipotazama kilima kile kwa jicho moja kutoka juu ya miguu mitatu, ndipo mashamba yalipogawanywa, na alipoondoka, watu wa Kogo walikuwa wamepewa kipande upande huu wa mto na kilima kimekuwa cha wengine. Hakuna aliyewafukuza kwa fimbo. Walivuka tu na vitu vyao, na baadaye chai ikapandwa.

Alhamisi Mwalimu Mkuu, Bwana Lang'at, aliniita ofisini akafunga mlango. Ni mtu mpole, huwa hafungi mlango.

"Mwalimu, mimi najua wewe huna makosa," akasema. "Lakini watu wakishakasirika hawaulizi. Arap Mutai amesema kesho anakuja hapa na wenzake. Si uende nyumbani kidogo? Hata wiki mbili. Mimi nitaandika ulikuwa mgonjwa."

Nilirudi chumbani nikatoa sanduku chini ya kitanda. Niliogopa, Baba. Sitajifanya. Sketi ya Mama niliitupa sandukuni bila kuikunja. Nilisikia kila ulichoniambia mwaka ule nilipopangiwa kazi huku. Fomu yako ilikuwa juu ya nguo. Nikaikunjua, nikachukua kalamu, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu, N, halafu kalamu ikasimama. Nilifikiria Chebet akirekebisha kijiti na mimi sipo, na kioo kikiwekwa stoo kikae na majembe. Nikaiacha fomu hivyo, nikalala na nguo zangu.

Ijumaa nilikwenda shuleni nia yangu ikiwa kukabidhi rejista na kuondoka. Nilipofika getini, kioo kilikuwa uani. Kogo Tapkigen alikuwa ameketi kwenye stuli, kibuyu miguuni, Chebet kando yake amekitoa kioo stoo kwa amri yake. Michoro ya juzi ilikuwa bado ipo. Na mbele yao walikuwa watu kama kumi na wawili wamesimama, Arap Mutai mbele, mrefu, na buti za mpira na panga la kupogolea chai mkononi. Nilijaribu kujiambia kuwa ametoka tu kupogoa.

"Mwalimu," akasema, "hii kitu yako ni ya nini?"

"Ni ya kufundisha, mzee."

"Kufundisha nani? Watoto wameweka alama kwa shamba yangu."

"Zile ni vitambaa tu. Walikuwa wanajifunza ramani."

"Ramani ndio tunaogopa," akasema, na waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwa koo.

Kogo ndiye aliyesema, kwanza kwa lugha yao, kwa ukali kidogo, halafu akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Wewe Mutai, nilikupatia uji ukichunga ng'ombe ya baba yako. Weka hiyo panga chini. Kuja ukae hapa."

Akainuka kwenye stuli. Mzee yule mzima akaweka panga kwenye nyasi, akaketi, magoti yakamfikia kifuani. Chebet alimtazama mara moja akapandisha kijiti. Akamwambia funga jicho hili, nalo akalifunga. Nikasikia ng'ombe wa Bwana Lang'at akitafuna.

Alikaa hivyo muda mrefu sana. Niliona mgongo wake tu. Nilikuwa nimeshika rejista kifuani na sanduku langu lilikuwa limefungwa chumbani.

"Hapana," akasema mwishowe. "Hii mti mmekosea. Ilikuwa juu, karibu na jiwe."

"Jiwe gani?" Kogo akauliza.

"Ile nyeusi. Tulikuwa tunanolea kisu hapo. Bado iko, ndani ya chai. Watu wakichuma wanazunguka."

Kogo alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa amelisahau lile jiwe. Miaka yote hiyo ameona kilima na akasahau kwamba chai inaacha kitundu mahali jiwe lilipo, doa moja jeusi ambalo hata mimi nimeliona kila asubuhi bila kujua. Akaomba nichore. Nikachora jiwe juu ya jiwe, Arap Mutai akisema "kulia, kulia, simama," na lilipokaa, tukaona kuwa kila kitu kingine kimekaa vibaya. Kogo alikuwa amekosea kwa upana wa vidole viwili. Basi nikafuta kwa kitambaa nikaanza upya kutoka kwenye jiwe. Mti ukapanda. Zizi likasogea. Wazee wawili waliokuja kwa hasira wakaacha kununa, wakawa wanabishana kama njia ya mtoni ilipita mbele ya ghala au nyuma. Mwisho nikasogeza kichwa karibu na cha mzee, nikachora nyumba.

Nikajua kabla sijamaliza duara. Nyumba ya Kogo ilikuwa imekaa juu ya jiko la Arap Mutai.

Baba, nilitaka kuifuta. Nilifikiria sasa ndio nimewasha moto wenyewe. Kalamu ilikuwa bado iko kwenye kioo, na mzee kidevu chake kiko kwenye kijiti, anaona ninachoona. Halafu moshi ukatoka. Mke wake alikuwa anapika chai ya saa nne, na moshi ulipanda kutoka jikoni kwao, ukapita katikati ya paa nililochora kwa wino wa bluu, ukaendelea kwenda juu polepole, hauna haraka.

Arap Mutai alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya awali, "Mama yangu alikuwa anasema pale jikoni kuna majivu chini. Ukichimba unapata. Hatukujua ni ya nani."

Akainuka. Kogo akaketi. Chebet akashusha kijiti. Mzee Mutai akasimama nyuma ya Kogo, akageuka kwa wenzake, akasema ili wote wasikie, "Lakini shamba ni yangu. Iko na namba."

"Nani amekuomba shamba?" Kogo akamjibu bila kuondoa kidevu. "Nataka huyu mtoto aone. Wewe nyamaza, naangalia moshi."

Watu wakacheka, na Arap Mutai akacheka nao, kicheko kifupi. Panga lilibaki kwenye nyasi hadi mchana. Wote kumi na wawili walikaa kwenye stuli kwa zamu, na kila mmoja aliongeza kitu: mzinga wa nyuki, mahali ng'ombe walipolamba chumvi, mahali mtu fulani alipovunjika mguu. Darasa la saba lote lilikuwa limeketi kwenye nyasi likiandika. Sikuwafundisha kitu chochote siku hiyo. Bwana Lang'at alisimama dirishani mwa ofisi yake akitazama saa yake, halafu akaacha kuitazama.

Ndipo Arap Mutai aliponigeukia, kwa wema tu, kama mtu anavyomuuliza mgeni. "Na wewe, mwalimu? Nyumba ya nyanya yako ilikuwa wapi?"

Nilisema tu ilikuwa kwetu, karibu na Karatina, kilimani. Akasubiri niendelee. Kogo naye akasubiri. Mimi mwalimu wa jiografia, ninayeitwa kwa jina la yule mwanamke, sikuweza kusema kama mlango wake ulitazama mto au barabara.

Saa tisa mvua ikaja. Tulikimbilia madarasani na hakuna aliyekumbuka kioo. Wino ule si wa mvua. Tulisimama chini ya mabati tukaona nyumba ikishuka juu ya chai kwa mistari mirefu ya bluu, na zizi, na mzinga, mpaka kikabaki kilima chenyewe na maji. Chebet alilia. Kogo alimwambia neno moja nikamwuliza maana yake. Akasema, "Anasema Jumatatu tutachora tena."

Sasa nije kwako. Tangu Ijumaa nimekuwa nikifikiria dirisha la jikoni kwetu. Ulilitengeneza mwenyewe, ukakata kioo, ukapaka puti kwa kidole, dirisha zuri kuliko yote uliyowahi kuwatengenezea watu, na ukaliweka ukuta wa kaskazini ambako hakuna jua, linatazama kile kilima cha ng'ambo. Na tangu nikiwa mtoto, kiti chako kiko chini yake na wewe hukaa umeligeuzia mgongo. Niliwahi kudhani unakwepa baridi. Tata, dada yako, aliniambia mara moja, nikiwa darasa la tano, kwamba nyumba ya nyanya ilichomwa wakati wa Hali ya Hatari, mwaka mlioamriwa na serikali ya kikoloni kuhamia kijijini, na kwamba wewe ndiwe uliyembeba mama yako mgongoni kushuka. Nilipokuuliza ulikwenda karakanani ukaanza kupiga randa. Sikuuliza tena. Umeniita Maitu maisha yangu yote, yaani mama yako, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina lake, na hujawahi kunionyesha nilikokuwa nikikaa.

Jibu langu ni kwamba nabaki. Sisemi hakuna hatari. Niliiona Ijumaa, ilikuwa na buti za mpira. Lakini nina watoto arobaini na wawili wanaofanya mtihani mwaka ujao, na nina kioo, na Jumatatu kuna watu wanaonisubiri. Fomu nakurudishia ndani ya bahasha hii. Mahali pa sahihi utaona N moja. Usiishangilie, ni ya Alhamisi. Sanduku nimelifungua, nguo ziko kwenye misumari.

Nimeweka pia karatasi ya plastiki, ile angavu tunayofunikia vitabu, na kalamu moja ya bluu. Naomba kitu kimoja. Geuza kiti. Bandika plastiki kwenye kile kioo, weka kidevu juu ya ufito wowote ulio sawa na urefu wako, funga jicho la kushoto, utazame kilima. Nichoree nyumba ya Nyambura wa kwanza. Ukikosea usijali, anza na jiwe au kitu chochote ambacho hakijahama. Pima pia ufito huo, uniandikie urefu wake, ili nitakapokuja Desemba niweke kidevu changu mahali kilipokuwa chako.

Nisalimie Mama, umwambie maziwa ya kibuyu hata yeye angeyapenda akifunga pua mara ya kwanza. Msalimu kaka yangu Mwangi, umkumbushe kutia mafuta randa zako badala ya kuzitumia tu. Tata, dada yako, mpe mkono wangu, na usimkasirikie kwa yale aliyoniambia nikiwa darasa la tano. Salamu pia kwa jirani yetu fundi cherehani anayekusomea barua macho yakichoka. Hii nakuomba uisome mwenyewe, hata kama itachukua siku mbili.

Na moshi usiuchore, Baba. Kuna watu wanaoishi pale sasa. Jioni watakapowasha moto utakuja wenyewe, wewe kaa tu hapo uungoje.

Mimi, mama yako mdogo,
Nyambura